Shahada ya mitambo, kazi ya fundi wa viyoyozi: nikubali?

Swali

Assalaam alaykum Ami. Mimi ni binti wa Wete, Pemba, nina miaka 26. Nilimaliza shahada ya uhandisi mitambo Dar es Salaam mwaka 2023. Tangu hapo nimeshapeleka maombi 31, ya serikali na ya watu binafsi. Nimeitwa kwenye usaili mara mbili tu, na kote wametaka uzoefu wa miaka mitatu. Nyumbani kila mtu ana lake. Mama anataka nikasomee ualimu niombe skuli hapahapa Wete. Kaka yangu yuko Muscat, ananambia nimfuate. Rafiki yangu tuliyemaliza pamoja anasema tukachukue shahada ya pili. Mwezi uliopita hoteli moja ya pwani ya mashariki ya Unguja imenipa nafasi, lakini ni ya fundi wa viyoyozi na pampu, mshahara laki nne na nusu, na msimamizi wangu atakuwa mzee aliyeishia kidato cha pili. Baba anaona nitajidhalilisha, miaka minne ya chuo niende nikashike spana chini ya mtu asiye na cheti. Nikubali? Na ukweli wake, Ami, Zanzibar ina kazi ya mhandisi mitambo, au nilisomea kazi ya nchi za watu?

Jibu

Waalaykum salaam mwanangu. Kubali. Kuna mambo ya kuuliza kabla hujatia saini, nitakuja nayo, lakini jibu langu ni hilo na sitalizungusha. Kwanza tuanze na hilo swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalomnyima usingizi baba'ko.

Ukihesabu viti, baba'ko ana haki ya kuogopa. Sensa ya 2022 ilituhesabu watu milioni moja na laki nane na zaidi Zanzibar nzima, na Pemba yote watu laki tano na arubaini na kitu. Sasa taja sehemu zenye kiti kilichoandikwa "mhandisi mitambo". Shirika la Umeme, Mamlaka ya Maji, uwanja wa ndege, bandari, meli. Viwanda: sukari pale Mahonda, maziwa pale Fumba, na kwenu Pemba kile cha kukamua mafuta ya makonyo ya karafuu Chake. Ukiongeza na vidogovidogo bado utamaliza kuvitaja kabla chai haijapoa. Na kila kiti kina mtu, na yule mtu ana miaka arubaini na tano na afya njema. Halafu kila mwaka vyuo vya Dar, Mbeya, Arusha, na hapa kwetu Taasisi ya Karume pale Mbweni, vinatoa vijana wengine. Kwa hiyo maombi yako 31 hayakutupwa kwa sababu una kasoro. Yalikwenda mahali ambapo nafasi moja huombwa na watu mia.

Sasa usihesabu viti, hesabu mashine.

Panda gari ya Nungwi asubuhi moja, shuka kila penye geti la hoteli, uombe uoneshwe nyuma. Watalii wanaona mchanga na minazi. Nyuma kuna kibanda cha bati chenye jenereta, kuna chumba cha pampu kinachonuka klorini, kuna safu ya viyoyozi thelathini, arubaini, hadi mia mbili, kuna vyumba vya baridi vya samaki na nyama, kuna majiko ya gesi, boila za kufulia, na kwa zile kubwa kuna mtambo wa kusafisha maji taka. Pwani ya mashariki, kuanzia Kiwengwa hadi Jambiani, maji ya visima mengi yana chumvi, kwa hiyo hoteli nyingi zina mtambo wa kuyachuja: pampu inayasukuma maji kwa nguvu yapite kwenye utando ambao chumvi haipiti. Kwa maji ya kisima chenye chumvi kiasi utasoma presha ya bar kumi na tano hivi kwenye geji. Kwa maji ya bahari yenyewe unakwenda sitini. Ile ni mitambo, mwanangu, ya kweli. Hoteli inajitengenezea maji yake, baridi yake, na umeme wake pale unapokatika. Ni kiwanda, ila kwa kuwa hakina bomba la moshi hakuna aliyekiita hivyo, na ndiyo maana hakuna aliyefikiria kukiwekea mhandisi. Wameweka "fundi mkuu", na mara nyingi ni mtu hodari sana, lakini anazima moto tu, leo huku kesho kule.

Na juu ya yote kuna hewa yetu. Vitabu ulivyosoma chuoni vimeandikwa kwa nchi kavu. Kile kisanduku cha nje cha kiyoyozi, vile vibati vyembamba vya alumini, mahali kama Dodoma vinakaa miaka kumi. Kiweke Paje mita hamsini kutoka baharini, upande unaopokea upepo wa kusi, na usikioshe: mwaka wa tatu unavigusa kwa kidole vinapukutika kama chapati kavu. Gesi inavuja kidogokidogo. Fundi anakuja, anajaza gesi, analipwa, anaondoka. Baada ya miezi minne anaitwa tena, anajaza tena. Nimeona hoteli iliyojaza gesi kiyoyozi kimoja mara saba ndani ya miaka miwili. Hakuna aliyekaa akajumlisha risiti aone kwamba wangeshanunua kipya na chenji ikabaki.

Hapo penye risiti ambazo hazikujumlishwa ndipo ilipo kazi yako. Nitakupa visa viwili vyangu, uone ninachokusudia.

Mimi nilitoka chuo 1989. Nilipangiwa kwenye pampu za maji, hapa Unguja. Siku ya kwanza nimevaa shati jeupe, fikiria. Pampu moja ilikuwa haitoi maji ya kutosha na nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu kwenye karatasi, urefu wa bomba, kipenyo, msuguano. Fundi wa zamu, mzee wa Makunduchi, Mungu amrehemu, alinitazama kidogo, akatoa bisibisi ndefu mfukoni, ncha akaikita kwenye nyumba ya beringi, mpini akautia sikioni. Akasikiliza kama daktari. Kisha akanipa. "Sikiliza, mhandisi." Nilisikia kama mtu anasaga changarawe ndani ya sufuria. "Hiyo si beringi," akasema, "beringi hulia wimbo. Hii inakosa maji, inatafuna hewa."

Nikajua jina lake papo hapo! Chuoni tulifundishwa wiki mbili nzima: maji yakinyonywa kwa shida, presha inashuka hadi yanachemka bila ya moto, vipovu vinapasuka ndani ya pampu na kuila chuma. Hesabu yake ningeifanya nimefumba macho. Sauti yake sikuwa nimewahi kuisikia hata mara moja. Tulitoa bomba la kunyonyea, valvu ya chini ilikuwa imejaa mizizi na matope. Saa tatu kazi imekwisha.

Yule mzee alikuwa anaisikia pampu inatafuna hewa kila baada ya miezi michache na kila mara anatoa mizizi. Mimi niliandika ukurasa mmoja: pampu imekaa juu mno ya maji wakati wa kiangazi, ikishushwa mita moja u nusu tatizo litakwisha, gharama yake ni hii, na impela, lile gurudumu la ndani ya pampu linalosukuma maji, tunayonunua kila mwaka ni bei hii. Mkuu wangu alisoma mpaka pale penye bei, akasaini. Pampu ikashushwa. Bila ya bisibisi ya yule mzee nisingeandika kitu cha maana, ningeandika msuguano wa bomba. Na bila ya ule ukurasa yeye angeendelea kutoa mizizi mpaka anastaafu.

Kwa hiyo baba'ko anapoona utafanya kazi chini ya mtu wa kidato cha pili, mwambie, kwa adabu, kwamba chuo kilikufundisha nusu, na huyo mzee ana nusu ya pili, tena atakufundisha na mshahara unapokea. Ila nawe usiende kukaa hapo kama mwanafunzi tu. Akishakusikilizisha, wewe andika.

Kisa cha pili ni cha wakati ule wa giza. Ulikuwa mdogo, lakini kwenu Wete mtakuwa mlisikia. Waya wa baharini uliokuwa ukileta umeme Unguja kutoka Bara, uliolazwa 1980 kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, uliharibika Disemba 2009 na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. (Mwaka 2008 tulishaonja mwezi mzima.) Mji mzima ulinguruma kwa vijenereta. Mimi wakati huo nilikuwa nasimamia mitambo ya hoteli moja, sitaitaja. Mwezi wa kwanza dizeli ilikwenda kwa kasi iliyomtisha meneja, akaamini walinzi wanaiba usiku. Kijana mmoja mlinzi alikuwa ameshaandikiwa barua.

Nikaomba wiki moja. Nilikaa na jenereta usiku tatu mfululizo na kijiti cha kupimia tangi, daftari na tochi. Mashine ilikuwa ya kVA 250 (ndicho kipimo cha ukubwa wa jenereta), imenunuliwa kubeba hoteli imejaa, viyoyozi vyote, majiko yote, mchana. Usiku wa manane, wageni wachache, mzigo ulikuwa kilowati 35 tu. Jenereta kubwa ikiwa na mzigo mdogo namna ile inakula kwa ajili ya kujizungusha yenyewe. Nilipima lita 15 kwa saa. Ndogo ya kVA 60 kwa mzigo uleule ingekula kumi, kumi na nusu. Zidisha kwa saa kumi za usiku, zidisha kwa siku thelathini, utapata karibu lita elfu moja na mia tatu na hamsini kwa mwezi. "Mwizi" mkubwa alikuwa huyo. Tena mashine ikiendeshwa hivyo muda mrefu inatoa moshi mweusi na mafuta yasiyoungua yanajaa kwenye ekzosi. Ilikuwa inajiua huku inakula.

Nikaandika ukurasa mmoja. Jenereta ndogo ikakodiwa wiki ileile, barua ya yule kijana ikachanwa. Na mimi, kuanzia mwezi ule, nikaacha kuitwa "fundi" katika karatasi za mshahara. Hakuna tangazo lililotoka, hakuna usaili. Kiti kilitengenezwa kwa sababu palikuwa na mtu ambaye tayari alikuwa amekikalia.

Hivi ndivyo wahandisi mitambo wengi ninaowajua hapa walivyopata nafasi, wa hotelini, wa meli, wa barafu. Waliingia kwa mlango wa uani. Kwenye miradi mikubwa mlango wa mbele upo, siukatai: jengo la tatu la abiria uwanja wa ndege, uwanja wa Amaan uliofunguliwa upya Disemba 2023, barabara za mjini, kwenu barabara ya Chake kwenda Mkoani. Pale kuna mitambo ya zege na lami na magari makubwa, na mhandisi mitambo anatakiwa. Ila mkandarasi wa nje anakuja na wahandisi wake, anakaa miaka miwili mitatu, anaondoka. Ukipata nafasi kwake ichukue kwa mikono miwili, ujue tu ina mwisho. Lile jengo analoliacha lina lifti, viyoyozi na pampu za kuzimia moto, na vitaishi miaka ishirini na tano hewani mwetu. Miaka hiyo ndiyo mali yenu nyinyi vijana, na siisikii ikitajwa kwenye hotuba za ajira.

Sasa ya kuuliza kabla hujasaini.

La kwanza ni mkataba wa maandishi. Tuna sheria yetu ya ajira, Namba 11 ya 2005, na Ofisi ya Kamishna wa Kazi ipo. Usikubali "anza kwanza tutaona". Uwe na jina la kazi, mshahara, saa, likizo, na uhakikishe wanakuchangia kwenye Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF. Jina la kazi waombe waandike "fundi sanifu wa mitambo" badala ya "fundi wa viyoyozi". Hawatapoteza senti moja, na wewe baada ya miaka mitatu ukipeleka barua mahali litakusaidia. Laki nne na nusu ni ndogo kwa mwenye shahada, nakubaliana na baba'ko. Usigombane nayo sasa. Andika kwenye mkataba kuwa itaangaliwa upya baada ya miezi sita, na hiyo miezi sita uitumie kukusanya kurasa zako.

La pili ni malazi na zamu. Wewe ni mtoto wa kike, unatoka kisiwa kingine, na mitambo haina saa. Pampu hukatika saa nane ya usiku. Uliza utalala wapi, kama nyumba za wafanyakazi wanawake ziko mbali na za wanaume, kama chumba kina kufuli, usiku unatembea vipi kutoka kulala hadi kwenye mashine, na nani anakuwa na wewe zamu. Uliza bila ya haya. Anayeona tabu kujibu, hapo ondoka. Tena ningekushauri umchukue mama'ko au mmoja wa jamaa zako walioko mjini, mwende mkapaone pamoja. Hilo halikufanyi mtoto. Mama akishaona chumba na mlango, habari ya ualimu itapungua yenyewe.

La tatu ndilo wanaloliacha wengi, wakaja kulilia. Usajili. Ukimaliza shahada una haki ya kujiandikisha kama mhandisi mhitimu. Bara kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, iliyo chini ya sheria ya 1997, na Zanzibar tunayo bodi yetu inayosajili wahandisi pamoja na wabunifu majengo na wakadiriaji. Ili upande kuwa mhandisi mtaalamu kwa ERB unatakiwa usiopungua miaka mitatu ya mafunzo ya kazi, yameandikwa, na yamesimamiwa na mhandisi aliyesajiliwa. Unaona mtego ulipo? Mzee wako wa kidato cha pili atakufundisha mambo ambayo hakuna profesa atakufundisha, lakini saini yake haitahesabiwa. Kwa hiyo tangu mwezi wa kwanza tafuta mhandisi aliyesajiliwa atakayekubali kukulea: huenda kampuni inayouza na kufunga viyoyozi vya hoteli hiyo inaye, huenda mwenye hoteli ana hoteli nyingine Bara yenye mhandisi mkuu. Zungumza na bodi mapema wakwambie watakubali mpango gani. Pia ERB ina mpango wake wa miaka mitatu wa kuwapeleka wahitimu kazini chini ya usimamizi, ulioanza 2003. Omba huko wakati uko kazini, usisubiri nyumbani. Kijana mmoja niliyemfundisha alifanya kazi nzuri miaka sita bila ya kuandika mstari mmoja. Siku alipotaka kusajiliwa alianza upya kama aliyetoka chuo jana.

Kwa hiyo nunua daftari gumu, la kurasa nyingi, lisiwe simu. Simu huanguka kwenye tangi. Kila siku: tarehe, mashine, ulichosikia, ulichopima, ulichofanya, kilichobadilika baada yake. Daftari hilohilo ndilo litakalotoa kurasa za meneja, na ndilo utakalolijazia vitabu vya bodi.

Nije kwa wengine nyumbani.

Mama na ualimu. Skuli zetu zinahitaji sana walimu wa hesabu na fizikia, na ualimu ni kazi ya heshima; sitaki usome jibu langu kama dharau. Ukiupenda, nenda. Ila unasomea upya, na baada ya hapo unaingia kwenye foleni ileile ya Zan Ajira, mfumo wa kuombea kazi za serikali, uliyoikimbia. Kama unakwenda kwa kuchoka tu, choka kwanza ukiwa na mshahara.

Kaka na Muscat. Oman ni nchi ya jamaa zetu na wapo Wapemba waliofika mbali kule. Lakini tangu 1988 wana sera ya kuwapa kazi wenyeji kwanza, na vijana wao wenye shahada za uhandisi ni wengi. Anayetoka huku bila ya uzoefu mara nyingi huishia kazi isiyohusu alichosomea. Anayekwenda na miaka minne ya viyoyozi vikubwa, mitambo ya kuchuja maji ya bahari na cheti cha usajili, huyo anazungumza lugha wanayoielewa kule, maana maji yao mengi ya kunywa yanatoka baharini kwa mitambo hiyohiyo. Mwambie kaka akuwekee nafasi ya kulala, utakuja, lakini si mwaka huu.

Rafiki na shahada ya pili. Hapo nitakuwa mkali kidogo. Shahada ya pili kwa mtu ambaye hajawahi kufungua pampu inamtoa kwenye foleni ya wenye shahada moja na kumtia kwenye foleni ya wenye mbili, akiwa na madeni zaidi na umri umekwenda. Waliokuita kwenye usaili wote walitaka miaka mitatu ya kazi. Hakuna hata mmoja aliyesema angekuchukua ungekuwa na shahada mbili. Ukishakaa kazini ukagundua kuna jambo huliwezi bila ya kusoma zaidi, hapo nenda, na utajua unakwenda kusoma nini. Siku hizi hata kuvuka bahari si lazima; IIT Madras wamefungua Bweleo tangu 2023, ingawa walichoanza nacho ni sayansi ya data na akili bandia. Usicheke, ipo siku mtu atakayejua kusoma takwimu za mita mia mbili za hoteli kwa pamoja atalipwa vizuri kuliko mimi na bisibisi yangu.

Na Pemba? Hukuuliza, lakini naisikia kwenye barua yako. Unataka kurudi. Kabla ya 2010 Pemba iliwashwa kwa majenereta ya Wesha, kisha ukaja waya wa baharini kutoka Tanga, karibu kilomita 78, na mambo yakabadilika: umeme ukatengemaa, na penye umeme wa kuaminika ndipo mashine huja. Tazama wavuvi wenu. Pweza na samaki wa Pemba wanaondoka kwenda kuuzwa mbali, na kinachoamua bei ni barafu. Mtambo wa barafu na chumba cha baridi ni kiyoyozi kilekile, kompresa ileile, gesi na mafuta, ila kikubwa zaidi. Ukausha mwani, ukausha dagaa, usukume maji, ni yaleyale. Hoteli za upande wa Makangale bado chache na zinaita fundi kutoka Unguja kwa boti. Fikiria gharama yake. Ningekuwa na umri wako ningekaa Unguja miaka mitatu au minne, nikarudi Wete na gari ndogo ya kubebea, seti ya geji, mashine ya kunyonyea hewa kwenye viyoyozi, na mikataba mitano ya matengenezo ya kila mwezi. Narudia, ya kila mwezi. Anayeitwa pale kitu kinapoharibika anakula siku moja moja. Mwenye mkataba wa kukagua analala anajua mwisho wa mwezi una nini. Lakini huwezi kumwomba mwenye chumba cha baridi mkataba wa namna hiyo kama huna daftari la kumwonesha ulichookoa kwingine.

Kuna jambo moja nisilotaka ulifiche kwako mwenyewe: huenda hoteli hiyo isiwe nzuri. Huenda meneja asisome ukurasa wako hata mmoja. Wapo, nimefanya kazi na mmoja kwa miaka miwili; kila nilichoandika alikitia kwenye droo, na siku niliyoondoka nilikikuta vilevile kwa mpangilio, hakijakunjuliwa. Ikiwa hivyo, jipe mwaka mmoja, endelea kuandika, na anza kuomba kwa majirani. Pwani ile hoteli zimepangana kama meno, na mafundi wanajuana wote. Habari ya binti anayejua kwa nini kiyoyozi kinakula gesi haitachukua mwezi kufika geti la pili.

Wiki ya kwanza usitengeneze chochote peke yako. Zunguka na mzee, mbebee mkoba, mwite kwa heshima yake. Kila mashine utakayopita piga picha kile kibati chake cha maelezo, andika namba, mwaka, aina ya gesi, nguvu ya mota. Kwenye hoteli nyingi orodha hiyo haipo kabisa. Ukimaliza utakuwa tayari una kitu ambacho hakuna mwengine anacho. Muulize mzee, moja baada ya moja, "Hii inasumbua nini?" Atazungumza mpaka jua lizame. Ijumaa jioni osha vile visanduku vya nje vya upande wa bahari kwa maji ya kawaida yasiyo na chumvi, pima joto la hewa kabla na baada, na uandike tofauti.

Na kwenye boti ya kutoka Pemba chukua bisibisi ndefu. Zinauzwa hapo sokoni Wete, kwenye maduka ya vifaa.